Simu ya intaneti pwani ya Kismayo: Unachopaswa kukagua kwenye ruta kabla ya kulipia huduma

Kwa familia ya Kibajuni ambayo mama yuko Kismayo, mtoto mmoja yuko Mombasa na mwingine yuko Uingereza, simu si anasa. Ndiyo njia ya kujua nani ameugua, nani amefiwa, iwapo fedha zilizotumwa zimefika, na kama chombo kilichotoka jana kimerejea pwani. Kwa hiyo si ajabu kwamba simu inayopigwa kupitia intaneti, ambayo kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko simu ya kimataifa, inawavutia wakazi wa ukanda unaoanzia mji wa Kismayo, kusini mwa Somalia, na kuteremka kwenye visiwa vya Wabajuni, vikiwamo Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, hadi Ras Kiamboni karibu na mpaka wa Kenya.

Hata hivyo, wengi hulipa kwanza na kuuliza baadaye. Huduma inapoanza, sauti hukatika, au upande mmoja husikia na mwingine hausikii, au simu hukatika yenyewe baada ya nusu dakika. Lawama huelekezwa kwa kampuni ya mtandao, na fedha zaidi hutolewa kununua kasi kubwa zaidi. Mara nyingi kasoro haiko huko. Iko ndani ya nyumba, kwenye kisanduku kidogo kinachopokea intaneti na kuisambaza kwa vifaa vingine: ruta.

Makala haya yanaeleza mambo ya kukagua kwenye ruta kabla ya kutia saini mkataba au kununua simu mpya, na sababu ya kila jambo.

Mtandao ulivyofika katika pwani hii

Baada ya serikali kuu ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Lamu na Mombasa, na baadhi yao baadaye wakafika Ulaya na Marekani. Mawasiliano na waliobaki nyuma yalitegemea redio za masafa marefu na simu za setilaiti. Kampuni binafsi za simu zilijenga mitandao yao bila mamlaka ya kuzisimamia, na kwa miaka mingi mteja wa kampuni moja hakuweza kumpigia mteja wa kampuni nyingine. Ilimlazimu mtu kuwa na laini mbili au tatu.

Intaneti ya mkongo wa baharini ilifika Mogadishu kupitia mkongo wa EASSy, unaopita kando ya pwani ya mashariki ya Afrika. Mwezi Januari 2014 kundi la Al-Shabaab lilitangaza kupiga marufuku intaneti ya simu za mkononi na ya mkongo katika maeneo liliyoyadhibiti. Kisha mwezi Juni 2017 nanga ya meli ya mizigo iliukata mkongo huo karibu na Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia ikakaa zaidi ya wiki tatu bila intaneti ya kawaida. Serikali ilikadiria hasara kuwa takriban dola milioni 10 kwa siku. Waliokuwa na njia ya setilaiti ndio walioendelea kuwasiliana na ulimwengu wa nje.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2017 ilifungua njia ya kuundwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mawasiliano ya Somalia, NCA. Mwezi Aprili 2025 mamlaka hiyo iliipa leseni kampuni ya Starlink, inayotumia setilaiti zinazozunguka karibu na dunia. Hivyo mkazi wa pwani anayetaka simu ya intaneti leo huenda akaunganishwa kwa mnara wa simu, kwa waya au kwa setilaiti, na kila njia ina tabia yake. Lakini zote huishia kwenye ruta. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Simu ya intaneti inafanyaje kazi?

Simu ya intaneti huchukua sauti, huigeuza kuwa tarakimu, na kuikatakata katika vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kwa kawaida kila pakiti hubeba milisekunde 20 za sauti. Maana yake ni kwamba pakiti 50 hutoka na pakiti 50 huingia kila sekunde, na kila moja haina budi kupita kwenye ruta kwa wakati wake. Barua pepe ikichelewa sekunde tatu hakuna atakayetambua. Pakiti ya sauti ikichelewa sekunde tatu haina kazi tena. Neno lake limekwisha kupita.

Kazi ya kuita, kuitikia na kukata simu hufanywa na itifaki iitwayo SIP, iliyowekwa katika muundo wake wa sasa mwaka 2002. Sauti yenyewe husafirishwa na itifaki nyingine iitwayo RTP. Mgawanyo huu ndio chanzo cha tatizo ambalo wengi hulishangaa: simu inalia, inapokewa, lakini hakuna sauti. SIP imefika salama, RTP imepotea njiani.

Programu kama WhatsApp, iliyoanza kutoa huduma ya kupiga simu mwaka 2015, hutumia mbinu zake za kupenya kwenye ruta na kwa hiyo huhitaji marekebisho machache. Huduma zinazotoa namba halisi ya simu, ile inayoweza kupigwa kutoka simu yoyote duniani, kwa kawaida hutumia SIP. Hizo ndizo zinazohitaji ukaguzi huu zaidi, hasa kwa duka, zahanati, shule au ofisi ya kutuma fedha.

Kwanza: Pima njia, si kasi pekee

Simu moja ya intaneti haihitaji kasi kubwa. Kwa mfumo wa sauti wa G.711, wenye ubora wa simu ya mezani, simu moja hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Kwa mfumo wa G.729, unaoibana sauti, hutumia takriban kilobiti 31. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa kipimo, mfumo wa kwanza hula karibu megabaiti 78 kwa saa ya mazungumzo, na wa pili karibu megabaiti 28. Uliza ni mifumo ipi inayokubaliwa na mtoa huduma na kifaa chako, kwa sababu tofauti hiyo utailipa kila mwezi.

Zingatia kasi ya kupakia, yaani ya kutuma, kuliko ya kupakua. Matangazo hutaja kasi ya kupakua kwa sababu ndiyo kubwa. Sauti yako, hata hivyo, hutoka kwa njia ya kupakia, na hiyo ndiyo nyembamba.

Kuna vipimo vitatu vingine. Cha kwanza ni ucheleweshaji. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Setilaiti za zamani zinazokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta haziwezi kutimiza kiwango hicho: kupanda na kushuka pekee huchukua karibu robo ya sekunde, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Ndiyo sababu wazungumzaji hukatizana maneno. Setilaiti za karibu, zilizo takriban kilomita 550 kutoka ardhini, zimeupunguza sana ucheleweshaji huo.

Cha pili ni kuyumba, yaani pakiti kufika kwa vipindi visivyolingana. Kuyumba kukizidi milisekunde 30 sauti huanza kukwaruza. Cha tatu ni upotevu wa pakiti, ambao haufai kuzidi asilimia 1. Asilimia 1 huonekana ndogo, lakini ni pakiti moja katika kila sekunde mbili za mazungumzo.

Pima mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na usiku baada ya isha, wakati watu wengi wako mtandaoni. Kipimo cha alfajiri peke yake kitakudanganya.

Pili: Je, ruta inaweza kuipa sauti kipaumbele?

Fikiria nyumba yenye kasi ya kupakia ya kilobiti 512 kwa sekunde. Kijana mmoja anatuma video ya harusi kwa jamaa zake huku mama yake akizungumza na dada yake aliye London. Pakiti moja kubwa ya video, yenye baiti 1,500, huchukua milisekunde 23 kupita katika njia hiyo, muda mrefu kuliko kipande kizima cha sauti. Na haiji peke yake. Ikiwa ruta imejaza foleni yake kwa kilobaiti 256 za video, sauti ya mama itasubiri takriban sekunde nne.

Kuongeza kasi hupunguza tatizo hili lakini hakuliondoi, kwa sababu video itaijaza njia yoyote utakayoipa. Dawa yake ni ruta inayotambua pakiti za sauti na kuzipitisha mbele. Katika ukurasa wa mipangilio ya ruta, kipengele hiki huandikwa QoS. Ruta bora zaidi hutumia pia mbinu ya kusimamia foleni iitwayo fq_codel, inayozuia kifaa kimoja kuziba njia ya vingine.

Kabla ya kununua, mwombe muuzaji akuonyeshe kipengele hicho. Ukishakiwasha, weka kikomo cha kasi chini kidogo ya kasi halisi uliyopima, kwa mfano asilimia 85 au 90 ya kasi ya kupakia. Bila hivyo, foleni itajengeka kwenye vifaa vya kampuni, ambako ruta yako haina mamlaka.

Tatu: Zima SIP ALG

Ndani ya nyumba, kila kifaa kina anwani ya ndani inayotolewa na ruta. Nje, nyumba nzima huonekana kwa anwani moja. Ruta ndiyo inayokumbuka nani aliuliza nini na kumrudishia jibu lake. Tatizo ni kwamba ujumbe wa SIP huandika anwani ya kifaa ndani ya ujumbe wenyewe. Ni kama mtu aliyemwandikia barua jamaa yake London na kujitambulisha kwa maneno "mlango wa pili, chumba cha uani". Mwenye nyumba anajua mahali hapo. Mpokeaji aliye London hajui.

Watengenezaji wa ruta walibuni kipengele kiitwacho SIP ALG ili kusahihisha anwani hizo njiani. Nia ilikuwa njema, lakini katika ruta nyingi kipengele hiki huharibu ujumbe badala ya kuusahihisha, na watoa huduma wengi wa leo wana njia zao za kulitatua jambo hilo. Dalili za SIP ALG iliyoharibika ni sauti ya upande mmoja, simu kuingia moja kwa moja bila kulia, au simu kukatika kila mara baada ya sekunde zipatazo 32, muda ambao SIP husubiri uthibitisho kabla ya kukata tamaa.

Watoa huduma wengi wa simu za intaneti hushauri kizimwe. Swali la kuuliza dukani ni rahisi: je, ruta hii inaruhusu SIP ALG izimwe? Baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za mtandao zimefungwa, na mteja hawezi kuyagusa mipangilio hayo. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa.

Nne: Chunguza kama kuna ruta juu ya ruta

Si jambo geni kukuta nyumba ina kifaa cha 4G au cha setilaiti kilichotolewa na kampuni, kisha mwenye nyumba ameongeza ruta yake ili mawimbi yafike uani. Hapo anwani hubadilishwa mara mbili, na simu hupotea katikati. Fungua ukurasa wa ruta yako na usome anwani ya upande wa nje. Ikiwa inaanza na 192.168 au 10, au iko kati ya 172.16 na 172.31, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna ruta nyingine mbele yake. Tiba ni kuiweka ruta moja katika hali ya daraja, ili ipitishe tu bila kubadilisha anwani.

Anwani ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yenyewe inawagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Huduma nyingi za 4G na za setilaiti kwa wateja wa nyumbani ziko hivyo. Hali hiyo haizuii simu ya intaneti, lakini haitawezekana kufungua lango kutoka nje kwenda ndani. Chagua mtoa huduma ambaye mfumo wake unauruhusu upande wa mteja kuanzisha na kudumisha mawasiliano.

Kuna dalili moja ambayo huwasumbua wazee zaidi: mama anaweza kupiga, lakini yeye akipigiwa simu hailii. Ruta hufunga njia isiyotumika ili kupata nafasi. Kiwango cha intaneti cha mwaka 2007, RFC 4787, kinataka njia kama hiyo isifungwe kabla ya dakika mbili, lakini ruta nyingi za bei nafuu huifunga mapema zaidi. Iweke simu itume ishara fupi kila sekunde 20 au 30 ili njia ibaki wazi.

Tano: Matundu, waya na masafa

Simu ya mezani ya zamani haiwezi kuchomekwa kwenye ruta ya kawaida. Inahitaji adapta yenye tundu la simu upande mmoja na tundu la waya wa mtandao upande mwingine. Baadhi ya ruta za 4G zina tundu la simu tayari, lakini tahadhari: mara nyingi tundu hilo hufanya kazi kwa laini ya kampuni ile ile tu, wala halikubali huduma ya SIP ya mtoa huduma mwingine.

Simu za SIP za ofisini huweza kupata umeme kupitia waya wa mtandao kwa mfumo wa PoE, uliowekwa kiwango chake mwaka 2003. Ruta nyingi za nyumbani hazitoi umeme huo. Nunua simu pamoja na chaja yake.

Kwa ruta ya 4G, hakikisha inapokea masafa yanayotumiwa na kampuni ya eneo lako na haikufungiwa kampuni nyingine. Ruta iliyoletwa kama zawadi kutoka ng'ambo inaweza kuwa nzima kabisa na bado isione mnara wa hapa. Na inapowezekana, unganisha simu kwa waya badala ya Wi-Fi. Masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini yana msongamano. Ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi lakini hudhoofishwa na kuta nene za mawe.

Sita: Umeme na hewa ya chumvi

Simu ya mezani ya zamani ilipata umeme kutoka kwa kampuni kupitia waya wake. Simu ya intaneti hufa pamoja na umeme wa nyumba. Habari njema ni kwamba ruta nyingi ndogo hutumia volti 12, sawa na betri za sola. Ruta inayovuta ampea 1 itatumia ampea-saa 24 kwa siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itaiendesha kwa siku mbili hivi bila jua. Usiichomeke ruta moja kwa moja kwenye betri, kwani volti hupanda hadi zaidi ya 14 wakati wa kuchajiwa. Weka kidhibiti cha volti katikati.

Hewa ya bahari hula shaba. Ruta isiwekwe dirishani linaloelekea baharini, na viungo vya waya na antena vilivyo nje vifungwe kwa utepe usiopitisha maji. Kutu kwenye kiungo kimoja cha antena huleta upotevu wa pakiti ambao hakuna mpangilio wowote utakaouondoa.

Saba: Usalama na sheria

Badilisha nywila iliyokuja na ruta siku ile ile unapoiwasha, na usasishe programu yake ya ndani. Usiliache lango namba 5060, linalotumiwa na SIP, wazi kwa dunia nzima: wahalifu hulitafuta usiku na mchana ili wapige simu ghali kwa gharama ya mwenye akaunti. Chagua huduma ya malipo ya kabla na uweke kikomo cha matumizi. Uliza pia kama mtoa huduma huifunga sauti kwa usimbaji. Bila hivyo, anayeudhibiti mtandao njiani anaweza kusikiliza.

Kuitumia simu ya intaneti nyumbani ni jambo moja. Kuwauzia wengine huduma ya simu ni jambo lingine. Mwenye nia ya kufanya biashara hiyo awasiliane kwanza na NCA kuhusu leseni.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa kampuni ya mtandao: Kasi ya kupakia ni ipi saa za usiku? Je, ninapewa anwani yangu ya nje au ya kugawana? Je, ninaweza kutumia ruta yangu mwenyewe?

Kwa muuzaji wa ruta: Ina QoS? SIP ALG inazimika? Inapokea laini mbili au njia mbili za intaneti, ili moja ikikatika nyingine ichukue nafasi? Mkasa wa mwaka 2017 unaonyesha kwamba swali hili la mwisho si la kupuuzwa.

Kwa mtoa huduma ya simu: Ni mifumo gani ya sauti inayokubaliwa? Kuna siku za majaribio? Namba nitakayopewa ni ya nchi gani, na jamaa zangu watatozwa kiasi gani wakinipigia?

Ukipata siku za majaribio, fanya jaribio moja muhimu. Piga simu kwa dakika kumi huku mtu mwingine nyumbani akituma video. Kisha iache simu bila kuguswa kwa saa moja, na umwombe jamaa akupigie. Sauti ikibaki safi katika jaribio la kwanza, na simu ikalia katika la pili, ruta yako inatosha.

Hata hivyo, usiitupe simu ya mkononi yenye laini ya kawaida. Simu ya intaneti huenda isijue uko wapi unapopiga kuomba msaada, na hunyamaza mtandao unapokatika. Chombo kikichelewa kurudi kutoka baharini, au mjamzito akihitaji kupelekwa Kismayo usiku, nyumba yenye njia mbili za kupiga simu iko salama zaidi kuliko yenye moja.